Namba nne kwenye orodha yenu ya safari iondoeni

Mhariri, poleni na kazi. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi na kwa kawaida sio mtu wa kuandika barua, nasoma, nakunja gazeti, naendelea na shughuli zangu, ila ule ukurasa wenu wa safari wa Jumamosi iliyopita umenikaa rohoni wiki nzima mpaka mke wangu kaniambia badala ya kuongea peke yako sebuleni si uwaandikie wenyewe. Basi naandika.

Mlitoa orodha ya vitu kumi vya kubeba kwa anayesafiri nje ya nchi. Pasipoti na nakala yake, chaja, nguo ya kubadilisha kwenye begi la mkononi, yote sawa, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni namba nne. Namba nne mmemwambia msomaji abebe dozi ya antibaiotiki, na tumbo likichafuka tu aimeze hapohapo asisubiri, ili asipoteze siku za safari. Tena mmeiweka juu ya chaja! Yani mtu akisoma harakaharaka anaona ni kitu cha kawaida kabisa kama mswaki.

Nimefanya kazi maabara zaidi ya miaka 20, kazi yangu ilikuwa kuotesha sampuli, mkojo, damu, choo, usaha, unaotesha, unaangalia kimeota nini, alafu unamjaribishia dawa moja moja uone ipi inamuua. Sasa hivi nimestaafu. Mi sio daktari na sijifanyi daktari, lakini hawa wadudu nawajua kwa sura.

Ntaanza na shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ameniruhusu nimseme bila kumtaja jina. Ni mtu wa safari, biashara zake zinampeleka huku na kule, na kwenye begi lake siku zote kuna kimfuko cha dawa, antibaiotiki mbili, siprofloksasini na metronidazoli, havikosi. Nilikuwa nikimgusia ananijibu shemeji we kaa na maabara yako mi nikae na tumbo langu. Safari moja alikaa Asia Kusini wiki tatu, siku ya nne tumbo likamgeuka, akaenda choo mara tatu au nne, hana homa, hana damu, kero tu, akafungua kimfuko chake akameza sipro siku tatu likatulia. Akarudi mzima anacheka.

Wiki kama sita baadaye akawa na miadi ya kipimo cha tezi dume, kile cha kuchukua vinyama vidogo kwa sindano inayopitia njia ya haja kubwa. Sindano ile inatoboa ukuta wa utumbo ndio inafika kwenye tezi, sasa kila aliyekuwa amekaa pale ukutani anapata lifti ya bure kuingia ndani. Ndio maana kabla ya kipimo wanakupa kidonge cha kinga, na kidonge alichopewa yeye ni siprofloksasini, ileile. Hamna aliyemuuliza amesafiri lini, ametoka wapi, amemeza nini huko. Na yeye hakusema, angejuaje kama ni jambo la kusema? Usiku wa siku ya pili homa ikapanda, anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta, presha inashuka, tukamkimbiza hospitali damu ikaoteshwa. Majibu yalipotoka akanipa mimi nisome ile karatasi. E. coli, bakteria wa tumboni. Pembeni ya kila dawa wanaandika herufi, S maana yake dawa inamuua, R maana yake haimuui, na karatasi ya shemeji ilikuwa R, R, R inateremka kama ngazi, siprofloksasini R, seftriaksoni R, mpaka chini kabisa kwenye zile dawa za akiba za kundi la kabapenemu ndio nikaona S. Nilishusha pumzi. Alitundikiwa hizo siku kumi, akapona, kapungua kilo nyingi lakini yupo.

Siwezi kuapa kwamba yule bakteria alimtoa safarini, maana hakuna aliyempima kabla hajaondoka, na hata wasiosafiri hawa wadudu wanao. Ila tangu siku hiyo nimesoma sana habari hizi, na nilichosoma ndicho kinachonifanya niikatae namba nne yenu.

Watu wengi wakisikia usugu wa dawa wanadhani ni mwili wa mtu ndio umezoea dawa. Hapana, mwili haujazoea kitu, aliyezoea ni bakteria. Na bakteria tumboni mwetu sio wachache, watafiti waliokaa wakahesabu upya mwaka 2016 walikadiria kwa mtu mzima wa wastani ni kama trilioni 38, ukiwaweka wote kwenye mizani wanafika gramu 200 hivi. Wengi wao ni wale wasiopenda hewa, wamejaa utumbo mpana, wanakula mabaki ya chakula chako na wanalinda eneo lao kwa wivu mkubwa. E. coli, huyu aliyeelezwa na daktari wa watoto Theodor Escherich mwaka 1885, ni mpangaji mdogo tu humo ndani, asilimia ndogo sana, na siku nyingi hana madhara yoyote. Shida inaanza akitoka eneo lake akaenda kwenye njia ya mkojo (huko yeye ndiye msababishi namba moja wa maambukizi) au akaingia kwenye damu kama kwa shemeji.

Sasa ukisafiri unakula na kunywa vya watu wengine, unashika vitasa vya watu wengine, unatumia vyoo vya watu wengine, na kila siku unameza bakteria wageni. Hili halina uhusiano na hoteli kuwa ya nyota ngapi. Wengi wanaomezwa hawapati pa kukaa, wanakuta kila kiti kina mwenyewe, wanapita. Baadhi wanapata nafasi. Na kama mmojawao anabeba jeni za usugu basi umeshakuwa mbebaji, huumwi, huhisi chochote, huna dalili hata moja, unarudi nyumbani na zawadi ambayo hujui kama unayo.

Waholanzi waliwahi kulifanyia kazi jambo hili kwa uzito, walichukua wasafiri 2,001 wakawapima choo kabla ya kuondoka na baada ya kurudi, matokeo yakachapishwa kwenye jarida la Lancet Infectious Diseases mwaka 2017. Walikuwa wanatafuta bakteria wenye kimeng'enya kinachoitwa kwa kifupi ESBL, chenyewe kazi yake ni kukatakata dawa za jamii ya penisilini na ndugu zake wakubwa kama seftriaksoni kabla hazijafanya kitu. Kati ya waliokuwa hawana kabla ya safari, asilimia 34 walirudi nao. Waliotoka Asia Kusini ni asilimia 75. Yani kati ya wanne waliokwenda huko watatu wamerudi nao, na hao ni watu wazima wa afya, watalii wa kawaida. Nusu yao bakteria waliondoka wenyewe ndani ya mwezi mmoja, hiyo ni habari njema, lakini asilimia 11 walikuwa bado nao baada ya miezi 12. Na walipopima waliobaki nyumbani wakakadiria kuwa uwezekano wa msafiri kumwambukiza mtu anayeishi naye ni kama asilimia 12. Hapo ndipo niliposimama kusoma nikaenda kunywa maji, maana kwetu na shemeji tunashinda nyumba moja kila wikiendi.

Alafu kuna utafiti mwingine mdogo tu ambao mimi kama mtu wa maabara naupenda kuliko wote. Wazungu 20 walikwenda Laos wiki tatu, na badala ya kupimwa mwanzo na mwisho tu kama kawaida, wakakubali kutoa sampuli ya choo kila siku. Kila siku! Mwisho wa safari asilimia 70 walikuwa na bakteria sugu. Ila zile sampuli za kila siku zikaonyesha kitu kingine, kwamba wote 20, hakuna aliyesalimika, walishawahi kuwapata siku moja au nyingine katika hizo wiki tatu, baadhi walipata wakapoteza, wakapata wa aina nyingine, wakapoteza tena, ni kama watu wanaingia na kutoka mlangoni. Tafsiri yangu mimi ni kwamba kuokota bakteria sugu safarini kwenye nchi za namna hiyo hakuepukiki sana, unaweza kunawa mikono mpaka ngozi itoke, utapunguza tu. Kinachoamua zaidi ni wakiingia wanakuta nini. Wakikuta nyumba imejaa wenyeji watapita. Wakikuta nyumba imehamwa...

Na kinachohamisha wenyeji ni namba nne yenu.

Ufini waliwafuatilia wasafiri 430, wakachapisha mwaka 2015. Wasioharisha wala kumeza antibaiotiki, asilimia 11 walirudi na bakteria wa ESBL. Walioharisha bila kumeza antibaiotiki, 21. Walioharisha wakameza, 37. Na waliokuwa Asia Kusini, wakaharisha, wakameza, ni 80. Someni tena hizo namba taratibu mhariri. Mtu anameza dawa akidhani anajisafisha kumbe anafagia nyumba kwa ajili ya mgeni mbaya, kwa sababu dawa inaua wenyeji dhaifu na yule sugu haigusi, anabaki peke yake na uwanja mzima na chakula chote. Watafiti haohao wa Ufini baadaye wakaona kwamba waliomeza dawa za jamii ya siprofloksasini walirudi na bakteria ambao juu ya kuwa na ESBL walikuwa sugu kwa siprofloksasini pia, na ukiniuliza mimi hiyo ndio hadithi ya shemeji ilivyo, kidonge alichomeza safarini kilimchagua mdudu ambaye kidonge cha hospitali kisingemuua.

Hapa niseme na metronidazoli kidogo maana nayo watu wanaimeza kama peremende kila tumbo likiunguruma. Metronidazoli haimuui E. coli. Haimuui kabisa, ukimwekea maabara ataota kama hakijatokea kitu. Inawaua wale wasiopenda hewa, yani walinzi wenyewe niliowataja hapo juu. Kwa kuharisha kwa safari, ambako mara nyingi msababishi ni aina fulani za E. coli, umemwacha mwizi ukawafukuza walinzi. Ina kazi zake nzuri tu kwa amiba na jiadia vikishathibitishwa, sisemi itupwe.

Na msidhani kubeba tu bila kumeza hakuna shida. Wafini hao waliangalia na hilo, waliokuwa na antibaiotiki ya akiba kwenye begi waliimeza mara nyingi zaidi kuliko wasiobeba, hata kwa kuharisha kwa kawaida ambako kungeisha kwenyewe. Binadamu ndivyo tulivyo, dawa ikiwa begini inakuita. Kwahiyo orodha yenu haimpi msomaji kinga, inampa kishawishi.

Kuna msomaji atasema mimi nikirudi wataisha tu wenyewe baada ya mwezi, shida iko wapi. Shida ni kwamba hawa jamaa hawakai na usugu wao kimya. Jeni nyingi za usugu zimekaa kwenye vipande vidogo vya duara vya DNA vinaitwa plazimidi, na bakteria mmoja anaweza kumpa mwenzake nakala, hata mwenzake wa aina nyingine kabisa, ni kama mtu anavyokutumia faili kwenye simu. Wajapani waliliona hili mwaka 1959 kwa bakteria wa kuhara damu, usugu unahama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule na kipande kimoja kinabeba usugu wa dawa kadhaa kwa mkupuo. Kwahiyo yule mgeni aliyekaa tumboni mwako wiki tatu tu akaondoka, anaweza kuwa ameshamwachia mwenyeji wako urithi.

Kolistini kwa mfano. Hii ni dawa ya zamani, sumu kwa figo, iliyofufuliwa kwa sababu nyingine zote zimegonga mwamba. Novemba 2015 watafiti wa China wakatangaza wamekuta jeni ya usugu wa kolistini, mcr-1, iko kwenye plazimidi, maana yake inaweza kusambaa kirahisi, na wameikuta kwa nguruwe na kwa binadamu. Watu wakaanza kufungua mafriji yao ya sampuli za zamani dunia nzima, na Waholanzi wakaikuta kwenye choo cha wasafiri wao wachache, sampuli zilizokuwa zimehifadhiwa tangu miaka kadhaa kabla ya hilo tangazo. Jeni ilishapanda ndege kitambo, sisi ndio tulikuwa hatujui jina lake.

Kuhusu majina, na hapa natoka nje ya mada kidogo mnisamehe. Mwaka 2008 kuna mgonjwa Uswidi aliyekuwa ametibiwa hospitali India alikutwa na bakteria anayekata hata kabapenemu, na kile kimeng'enya wakakipa jina la New Delhi, NDM-1. Wahindi walikasirika na mi nawaelewa. Unauita mdudu kwa jina la mji wa watu, alafu kila mtu anadhani mji huo ndio kiwanda. Siandiki barua hii ili mtu aogope nchi fulani au aanze kumnyooshea kidole mgeni aliyekaa naye kiti kimoja. Usugu unazalishwa kila mahali ambako dawa zinamezwa ovyo, zinapewa mifugo ovyo, na maji taka hayatibiwi, na hakuna nchi isiyo na walau kimoja katika hivyo vitatu. Wadenmark walichukua uchafu wa vyoo vya ndege 18 za masafa marefu zilizotua Copenhagen wakausoma, matokeo yakatoka 2015, na jeni za usugu zilikuwepo, za ndege zilizotoka Asia Kusini nyingi zaidi kuliko za Amerika Kaskazini, ila hakuna njia iliyokuwa safi kabisa. Na mtalii naye anaacha vya kwake anakokwenda, hilo husahaulika kila mara, kama vile mzigo unasafiri upande mmoja tu.

Ukubwa wa jambo lenyewe ni huu, kwa makadirio yaliyotolewa Lancet mwaka 2022, vifo milioni 1.27 vya mwaka 2019 vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu, na mzigo mkubwa uko kwenye nchi ambazo dawa za akiba kama alizopata shemeji hazipo au ni za kutafutwa kwa tochi. Wasafiri sio chanzo cha vifo vyote hivyo, nikisema hivyo ntakuwa mwongo. Ni mabomba tu ya kuunganisha matangi.

Sasa mtu anaharisha nchi ya watu afanyeje. Kwanza ajue kuharisha safarini ni kawaida mno, kwa nchi zenye hatari kubwa makadirio ni asilimia 30 hadi 70 ya wasafiri ndani ya wiki mbili, na mara nyingi kunaisha kwenyewe ndani ya siku chache. Jopo la wataalamu wa tiba ya safari lilikaa likatoa mwongozo mwaka 2017 na lilisema wazi, kuharisha kwepesi, kule ambako unaweza kuvumilia na kuendelea na ratiba zako, antibaiotiki isitumike. Kunywa maji yenye ORS, kula unachoweza, tulia. Ukiwa na safari ya basi au kikao kuna loperamidi ya kupunguza kasi, na hii Wafini waliipima pia, loperamidi peke yake haikuongeza bakteria sugu, waliotumia walikuwa asilimia 20 na wasiotumia kitu 21, yani hamna tofauti. Waliomeza antibaiotiki ni 40. Na waliochanganya loperamidi na antibaiotiki kwa pamoja, 71! Na kuna watu huo mchanganyiko ndio wanausifia kwamba unakata tumbo mara moja. Ila loperamidi usiipe watoto wadogo, na ukiona damu kwenye choo au una homa kali usiitumie, hapo tafuta daktari.

Hapo ndipo antibaiotiki inapopata nafasi yake na mi siikatai. Kuhara damu, homa kali, kuharisha kunakokulaza kitandani hujiwezi, hiyo ni kesi nyingine, dawa inatakiwa na inaokoa, na mara nyingi wanachagua azithromaisini kwa sababu siprofloksasini imeshashindwa na bakteria wengi wa matumbo. Mtu mwenye kinga dhaifu, mwenye ugonjwa sugu wa utumbo, mjamzito, mtoto mchanga, mzee, hao waongee na daktari wao kabla ya kuondoka na kama daktari ataona wabebe dozi ya akiba basi wabebe, na maelekezo yameandikwa lini waimeze. Hilo ni tofauti na kumwambia kila msomaji wa gazeti. Na tafadhali mtu asije akasoma hapa akaacha na vidonge vya kinga ya malaria alivyoandikiwa, hivyo aendelee navyo mpaka siku ya mwisho ya dozi aliyoandikiwa, na akirudi na homa apime malaria kwanza kabla ya hadithi yoyote.

Kitu ambacho orodha yenu haikuwa nacho kabisa, na kwa maoni yangu kilistahili kuwa juu kuliko vyote, ni cha baada ya kurudi. Ndani ya mwaka mmoja baada ya safari, ukienda hospitali kwa maambukizi ya mkojo, kwa upasuaji, kwa kile kipimo cha tezi dume, sema. Sema nilikuwa nchi fulani mwezi fulani, niliharisha, nilimeza dawa fulani, na hasahasa kama ulilazwa hospitali huko ulikokuwa, maana Uholanzi na nchi za Skandinavia mtu aliyetoka kulazwa nje wanampima kwanza wakati anapokelewa. Kwa mtu mzima asiye na dalili hakuna haja ya kwenda kupima choo ukitoka uwanja wa ndege, na hakuna dawa ya kumeza ya kuwafukuza hao bakteria. Wanatakiwa waachwe wazidiwe na wenyeji, na wewe unawe mikono vizuri ukitoka choo hasa zile wiki za mwanzo ili usiwape wenzako nyumbani. Ila daktari akijua umetoka wapi anaweza kuchagua dawa nyingine au kuotesha kwanza. Sentensi moja tu ingemwokolea shemeji siku kumi za kutundikiwa dripu. Nimeshawalaumu waliompima moyoni mwangu mara nyingi tu kwa kutouliza, alafu nakumbuka hata mimi, na miaka yangu yote ya maabara, nilimpeleka kwenye kile kipimo kwa gari langu na sikufungua mdomo.

Kwahiyo ombi langu sio kubwa mhariri. Toleo lijalo andikeni kwamba ile namba nne imeondolewa, msiifiche kwenye kona ya ukurasa wa 30 kwa herufi za kusomewa na lenzi. Mahali pake wekeni pakiti za ORS na kipimajoto. Chaja ipande juu.

Shemeji ana safari nyingine mwezi ujao. Juzi nimemkuta anapanga begi, kimfuko ni kilekile kimechakaa zipu, nikakifungua bila kuomba ruhusa maana nishakuwa na mashaka naye, nikakuta pakiti sita za ORS, loperamidi, kipimajoto, na kikaratasi amejiandikia mwenyewe tarehe ya kile kipimo, jina la yule bakteria na dawa zote zilizokuwa na R. Akaniuliza, na gazeti lako pendwa linasemaje kuhusu dawa za safari? Nikamwambia shemeji subiri kwanza niwaandikie.

Mstaafu wa maabara,
msomaji wenu.